Penalti Iliyongoja Mvua ya Mawe

Tangu jogoo wa kwanza wa Jumamosi ile, Riungu alikuwa na azma moja tu: asikutane uso kwa uso na Njura.

Azma hiyo haikuwa nyepesi. Riungu alikuwa nahodha na mshambuliaji wa timu ya Githongo. Njura alikuwa kipa wa timu ya Kianjokoma. Na timu hizo mbili zilikuwa zipambane alasiri hiyo hiyo, huko Kianjokoma, katika mchezo wa mwisho wa ligi ya daraja la pili. Mshambuliaji anayemkwepa kipa ni kama mchuma majani anayeukwepa mchai: atarudi jioni na kikapu kitupu, wala hapatakuwa na wa kumwonea huruma.

Na siku hiyo Githongo haikuweza kurudi na kikapu kitupu. Ushindi ungewabakiza katika ligi. Sare, achilia mbali kushindwa, ingewashusha. Na mfadhili wao, mfanyabiashara wa mjini Meru asiyekuwa na maneno mengi, alikwisha kuwaambia kwamba timu ikishuka, yeye atapanda gari lake aende zake. Wachezaji wote waliishi kwa mshahara wa mpira. Riungu alikuwa amekwisha kuvuka miaka thelathini, ana mke na watoto, na magoti yake yalikuwa yameanza kumsalimu kila asubuhi. Timu nyingine isingemchukua. Kama Githongo ingeanguka, yeye angerudi kwenye mibuni ya baba yake, na jembe halimuulizi mtu amefunga mabao mangapi.

Kianjokoma, kwa upande wao, hawakuwa na la kupoteza ila jina. Hawakuwa wamefungwa nyumbani msimu mzima, na jambo hilo walilisema sokoni, walilisema kwenye harusi, na wengine, Mungu awasamehe, walilisema hata baada ya mahubiri kabla hawajatoka mlangoni mwa kanisa.

Sasa, kwa nini mwanamume mzima amwogope kipa? Si kwa ajili ya kimo chake, ingawa Njura alikuwa mrefu kama mti wa mukima uliopandwa mpakani mwa shamba. Sababu ilikuwa gichiaro.

Njura alizaliwa Kianjokoma, ambako baba yake aliajiriwa katika kiwanda cha majani chai, lakini asili yake ilikuwa Tharaka, na ukoo wake na ukoo wa Riungu walikuwa watu wa gichiaro, yaani ndugu wa kiapo, kiapo kilicholiwa na mababu ambao hakuna anayeyakumbuka majina yao. Watu wa gichiaro hawadanganyani. Hawamwagiani damu. Na mmoja akimwomba mwenziwe kitu kwa jina la kiapo hicho, mwenziwe hutoa. Hapimi wala hasemi ngoja nishauriane na mke wangu. Anayekataa hujitafutia laana, na wazee wanajua kutaja nyumba zilizobaki magofu kwa sababu ya mtu mmoja aliyekataa kutoa mbuzi.

Babu yake Riungu hakukataa. Siku moja ya baridi kali, njiani kutoka Meru, alikutana na mtu wa ukoo ule, naye mtu yule akamwomba koti alilokuwa amelivaa, koti zito la jeshi alilorudi nalo kutoka vitani. Babu alilivua pale pale barabarani akampa, akatembea mpaka Githongo na shati tupu, huku mvua ikimcharaza. Aliugua, akapona, na hakulalamika hata siku moja. Riungu alikuzwa kwa hadithi hiyo kama watoto wengine wanavyokuzwa kwa uji.

Naam, kama babu alitoa koti kwenye mvua, mjukuu angekataa nini? Ingemtosha Njura kumsogelea, amwambie, "Ndugu wa kiapo, nakuomba usinifunge leo," na hapo Riungu angekuwa amebanwa kama nafaka kati ya mawe mawili ya kusagia: atoe, aisaliti timu, au akatae, aivunje nyumba ya babu yake.

Hata Mzee Kaburu, baba yake, aliliona hilo. Mzee Kaburu alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyefundishwa na wamishonari kwamba mambo ya kale ni giza, naye alikuwa amewafundisha wanawe hivyo hivyo. Lakini jioni ya Ijumaa alimpigia mwanawe simu.

"Riungu, yule kipa si ni mwana wa Tharaka?"

"Ndiye, baba."

"Wewe unajua mimi ni mzee wa kanisa, na mambo ya viapo siyachanganyi na wokovu."

"Ninajua, baba."

"Basi usimkaribie."

"Sawa, baba."

"Asikuite pembeni. Ombi ni mdomo kwa sikio. Sikio likiwa mbali hakuna ombi. Usiku mwema. Na usisahau kusali."

*

Walipofika Kianjokoma, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni na kulala juu ya uwanja kama blanketi la mgonjwa. Ilikuwa mwishoni mwa Mei, mvua ya masika haijasema kwaheri, na baridi iliingia kwenye mifupa bila kubisha hodi. Riungu aliushukuru ukungu ule. Alikaa ndani ya basi mpaka dakika ya mwisho. Timu zilipojipanga kupeana mikono, yeye aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari, na mkono wa Njura ukapita juu ya kisogo chake ukamsalimu mtu wa nyuma.

"Nahodha wenu amepoteza kitu chini?" sauti nene ya Njura iliuliza.

"Anatafuta bahati," akajibu Mugambi, winga wa Githongo, kijana mwenye mdomo usiojua likizo.

Kipindi cha kwanza kilichezwa kwa masikio zaidi kuliko macho. Mashabiki, waliokuwa wamejaa kando ya uwanja na miavuli na mifuko ya nailoni vichwani, waliulizana kila mara mpira uko wapi. Mwamuzi, Bwana Gedion, mtu mwembamba na mwenye msimamo, alikimbia huku na huko akiufuata mlio wa viatu.

Kisha ukafika wakati ambao Githongo walikuwa wakiuomba. Mugambi alipenya kushoto akapiga krosi; Njura aliruka kuidaka, lakini mpira ulikuwa umelowa ukamponyoka, naye akaanguka kifudifudi kwenye matope. Mpira ukakaa hatua chache mbele ya lango, na aliyekuwa karibu nao ni Riungu, peke yake. Aliinua mguu. Lakini akaona kichwa cha Njura karibu na mpira, na vyuma vya kiatu chake mwenyewe, na neno moja la baba yake na babu yake likampita moyoni: damu. Badala ya kupiga, aliruka juu ya mpira, juu ya kichwa, juu ya kila kitu, akatua wavuni kama samaki. Njura aliinuka, akauchukua mpira wake, akamtazama kwa mshangao. Riungu alijinasua, akatoka mbio kabla kipa hajafungua kinywa.

Wakati wa mapumziko, kocha wa Githongo alimngoja mlangoni. Kocha huyo alikuwa mama mmoja aitwaye Wambeti, mzaliwa wa Mbeere, aliyewahi kuwa kiungo hodari wa timu ya wanawake na ambaye hakuwahi kumwonea haya mchezaji yeyote.

"Riungu, ule mpira ulikuwa umekaa pale kama yai kwenye kiota. Umeuruka kwa nini?"

"Kocha, ningempiga kipa kichwani."

"Kichwa kilikuwa huku, mpira kule. Mimi nina macho. Ama ukungu ulikuwa kwako peke yako?"

Mugambi aliingilia. "Kocha, hao ni gichiaro. Akimtoa damu, kwao patakauka hata sukumawiki."

"Gichiaro ndiyo nini? Iko kwa sheria za mpira?"

"Haiko, Kocha. Lakini iko."

Wambeti aliwatazama wote wawili kwa muda, kama mama anayetafuta ni mtoto yupi aliyevunja chungu. "Mimi ni mtu wa Mbeere," akasema. "Kwetu tukimwogopa mtu tunasema tunamwogopa, tunalala. Riungu, watu ishirini wanakula kwa mguu wako. Ukirudi pale ndani, rudi na huo mguu."

*

Kipindi cha pili kilipoanza ukungu uliinuka, na waliokuwepo wakatamani ungebaki, maana nyuma yake lilikuwapo wingu jeusi lililotoka upande wa mlima, jeusi kwa namna ambayo watu wa majani chai huijua na kuichukia. Akina mama walianza kulitazama na kutikisa vichwa. Upepo ulikuwa wa baridi ya kisu. Mvua ilianza kwa matone makubwa, yaliyotengana, kila moja kama kofi.

Dakika zilikwenda. Bao hakuna. Riungu alikimbia, alipigana na mabeki, alipiga mipira ya kichwa. Lakini kila alipolikaribia lango alijikuta akielekea pembeni, mahali ambapo sauti ya kipa isingemfikia vizuri. Yeye mwenyewe aliliona jambo hilo na kujichukia.

Zilikuwa zimebaki dakika chache sana Mugambi alipoingia katika eneo la hatari, na beki mmoja wa Kianjokoma, aliyeteleza au aliyekusudia, akamfagia miguu yote miwili. Bwana Gedion hakusita. Alipuliza kipenga, akaonyesha kwa kidole mahali pa penalti.

Uwanja ulipiga kelele kwa sauti mbili, ya furaha na ya hasira. Na kabla kelele hizo hazijatua, mbingu ikajibu.

Mvua ya mawe haikuanza kidogo kidogo. Ilimwagika yote kwa pamoja, kama mtu aliyechoka kubeba gunia la maharagwe akalitupa juu ya mabati. Mawe yalikuwa makubwa kama mbegu za parachichi. Mchezaji mmoja alipigwa sikioni akapiga magoti. Bwana Gedion, mikono juu ya kipara chake, alipuliza kipenga ambacho hakuna aliyekisikia, na watu wote wakakimbilia mahali pekee penye paa: banda la kukusanyia majani chai, kando ya uwanja, ambako wakulima hupima majani yao siku za kazi.

Hapo ndipo azma ya Riungu ilipoharibika. Timu zote mbili, waamuzi, makocha, akina mama wa Kianjokoma na vikapu vyao, na mashabiki waliowahi, walijisukuma ndani ya banda lile moja. Alisukumwa kutoka nyuma, akasukumwa kutoka kando, na alipofuta maji machoni alijikuta bega kwa bega na Njura.

Hakuna kilichosikika. Mawe yalipiga mabati kwa kishindo ambacho kiliyafanya meno yatikisike. Njura aliinama, akafungua kinywa karibu na sikio lake, akasema kitu. Riungu aliona midomo tu. Njura alirudia. Riungu alitikisa kichwa, akaonyesha mabati juu, akafanya ishara ya mtu asiyesikia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa hadanganyi na bado akajisikia mwongo.

Akajikuta katika sala ya ajabu. Moyo wake ulimwomba Mungu mvua isikome, ili ombi lisisikike. Na moyo huo huo ukamwomba ikome upesi, maana Bwana Gedion alikuwa amekwisha kuinua saa yake na kuwaonyesha manahodha nusu saa kwa vidole: mawe yasipokoma na uwanja usiposafishwa ndani ya muda huo, mchezo utavunjwa na kurudiwa siku nyingine, na penalti ile itafutika kana kwamba haikupata kuwako. Mtu akiomba mambo mawili yanayopingana, amwachie Mungu achague. Lakini Riungu hakuwa na subira ya kumwachia.

Kishindo kikaanza kupungua. Sasa mtu aliweza kusikia kikohozi cha jirani, kisha mtoto akilia, kisha maji yakitiririka kwenye mfereji.

"Riungu, mwana wa Kaburu," alisema Njura, kwa sauti iliyofika kila pembe ya banda. "Nina neno nawe."

Wachezaji wa Githongo wakageuka wote kwa pamoja. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa Meru. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mmoja alifumba macho. Ndipo Mugambi, ambaye ubongo wake ulifanya kazi vizuri zaidi penye hatari, akainua kichwa na kuanza kuimba kwa sauti ya juu kabisa.

Aliimba wimbo wa kanisa, ule wa kushukuru kwa mavuno. Wenziwe walimwelewa mara moja, wakaudaka kwa nguvu zote, huku wakimtolea Njura macho. Njura akasubiri. Nao akina mama wa Kianjokoma, ambao hawakujua hila yoyote na waliojua tu kwamba wimbo ni mzuri na mawe yamepungua, waliingia kwa sauti ya pili, tamu, kama watu waliokuwa wakifanya mazoezi na Githongo mwaka mzima. Bwana Gedion alidhani ni ibada. Akainamisha kipara chake kwa heshima.

"Hawa watoto wana nini leo?" Kocha Wambeti alimuuliza mama aliyekuwa kando yake.

"Wacha, wamemkumbuka Bwana," akajibu mama yule. "Timu nyingine hutukana."

Waliimba ubeti wa kwanza. Wakaimba wa pili. Wa tatu uliimbwa na wachache, wengine wakinong'ona. Kisha ukaja ubeti wa nne, na hapakuwa na mtu hata mmoja, wala wa Githongo wala wa Kianjokoma, aliyejua unaanzaje. Mugambi alifungua kinywa, akakifunga. Wimbo ukafa. Mvua nayo, kana kwamba iliungojea, ikakoma.

Katika kimya hicho Njura akasema, "Mmemaliza?"

Mugambi akatazama viatu vyake.

"Riungu, tangu mfike unanikimbia kama aliyeniibia kuku. Mkono wangu umeukataa. Kichwa changu umekiruka. Sasa nisikilize. Mimi na wewe ni gichiaro."

"Ninajua," alisema Riungu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na kwa jina la gichiaro, nina ombi."

Mugambi alishika kichwa. Riungu alihisi baridi ya koti ambalo babu yake alilivua, baridi yote ya safari ile kutoka Meru, ikimshuka mgongoni. Akaona mke wake mlangoni, akaona magoti yake mwenyewe kati ya mibuni. Lakini alizaliwa katika nyumba isiyokataa. Akanyoosha mgongo.

"Omba," akasema.

"Ninakuomba upige penalti ile kama unavyompigia mtu usiyemjua. Kwa nguvu zako zote na ujanja wako wote. Usiniachie hata chembe."

Riungu alimtazama kana kwamba kipa alisema kwa lugha ya ng'ambo.

"Umesikia?" Njura aliuliza. "Nimeiona miguu yako leo. Inaniogopa. Ukikosa, wote hawa," akaonyesha watoto wa Meru waliokodoa macho, "watakwenda nyumbani wakisema Njura alimnong'oneza. Watasema hivyo mpaka nife, na wanangu watakwenda shule wakiitwa kwa jina hilo. Nimeilinda nyumba hii mwaka mzima kwa mikono hii, siwezi kuilinda kwa kiapo. Tena," akaongeza polepole, "koti la babu yako lilikuja nyumbani kwetu. Baba yangu alifunikwa nalo alipokuwa mtoto mwenye homa. Limekwisha kuliwa na nondo, vimebaki vifungo tu, lakini vifungo hivyo mama anavyo. Tuliomba koti, tukapewa. Haifai tuombe na bao."

 Kisha kitu kilichokuwa kimekaza kifuani mwa Riungu tangu Ijumaa kikafunguka chenyewe, kama fundo la kamba lililolowa likapata jua. Alitaka kucheka, alitaka kulia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliunyoosha mkono ambao kabla ya mchezo aliuficha kwenye kamba za viatu.

"Umepewa," akasema.

Wakapeana mikono, na banda zima likatoa pumzi.

"Kwa hivyo hiyo ndiyo gichiaro," Kocha Wambeti alisema. "Na hamngeweza kunieleza mapema, nimekaa hapa nikifikiri mshambuliaji wangu amerogwa."

*

Nje, uwanja ulikuwa mweupe kote, kana kwamba mtu amemwaga magunia ya chumvi kutoka lango hadi lango. Mistari ilikuwa imezikwa. Bwana Gedion aliitazama saa yake, akautazama uwanja, akakunja uso.

"Muda hautatosha," alisema.

"Nani amesema?" mama mmoja wa Kianjokoma akajibu, na tayari alikuwa amepindua kikapu chake cha majani na kuanza kukusanyia barafu. "Timu yetu haitasemwa kuwa iliokolewa na mawe. Majani yangu yameharibika tayari, penalti nitaiona!"

Basi watu wakaingia uwanjani. Walikuja na mafagio, na majembe, na vipande vya mabati, na majani ya migomba. Watu wa Kianjokoma na wachezaji wa Githongo wakafagia pamoja kama siku ya kujenga kanisa. Walisafisha mahali pa penalti mpaka majani ya nyasi yakaonekana. Walisafisha mstari wa lango, na mwamuzi msaidizi akaupaka chokaa upya. Barafu waliyoifagia kutoka mstarini waliirundika ndani ya lango, chini ya wavu, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuipeleka mbali. Bwana Gedion aliingia, akakanyaga hapa na pale, akatikisa kichwa kwa kukubali.

Riungu aliuweka mpira. Mbele yake Njura alisimama na mikono imepanuka, pumzi yake ikitoka kama moshi wa jiko. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Riungu alimtazama usoni, moja kwa moja, na hakuona kiapo wala babu wala laana. Aliona kipa. Jambo jepesi namna hiyo; na wepesi wake ulikuwa mtamu kuliko mshahara.

Kipenga kikalia. Alikimbia kwa hatua fupi ili asiteleze, akapiga kwa nguvu zake zote, chini, upande wa kulia wa kipa.

Njura alikuwa amekisia sawasawa. Aliruka kama mti uliokatwa, akanyoosha mkono, na ncha za vidole vyake vilivyokufa ganzi zikaugusa mpira. Mpira ukapiga mwamba wa kando, ukarudi ukiviringika kwenye mstari, ukasita, ukaangukia kwenye lile rundo la barafu, ukakwama.

Hapakuwa na aliyejua kama umeingia. Wavu haukutikisika. Mashabiki walikanyagana kuangalia. Mwamuzi msaidizi alikuja mbio na kibendera chini, macho yake kwenye chokaa. Lakini aliyekuwa karibu kuliko wote alikuwa Njura, amelala ubavu, pua yake shubiri moja kutoka mpirani. Alitazama mstari. Alitazama mpira. Kisha akauweka uso wake kwenye barafu.

"Umeingia," alisema. "Wote."

Mwamuzi msaidizi akainama, akaona alichokiona kipa, akainua kibendera na kukimbia kuelekea katikati ya uwanja. Bwana Gedion akapuliza.

Dakika zilizobaki zilichezwa kwenye matope na barafu, na Kianjokoma walishambulia kwa hasira ya watu waliofagia wenyewe uwanja waliofungiwa. Lakini mabeki wa Githongo waliufukuza kila mpira kama tumbili shambani, mpaka kipenga cha mwisho kilipolia. Wachezaji wa Githongo walianguka chini pale pale, kwenye baridi ile, wakalala chali wakiitazama mbingu. Hawakuwa na nguvu ya kushangilia. Walikuwa tu wamebaki katika ligi, na hilo lilitosha. Kocha Wambeti alikaa juu ya debe, akavua kiatu kimoja, akakikung'uta barafu, akakivaa tena, akarudia hivyo mara kadhaa bila kujua anachofanya.

Riungu alimfuata Njura hadi langoni. Meno yake yaligongana.

"Ndugu wa kiapo," akasema, "mimi nami nina ombi."

Mabeki wa Kianjokoma walilalama kwa sauti moja. "Njura, kimbia! Ziba masikio!" "Atataka glavu, huyo!" "Imbeni! Mbona hamuimbi?"

"Omba," Njura alisema, akijaribu kutotabasamu.

"Chai ya moto."

Walimpa chai kwenye banda, katika kikombe kikubwa cha bati, chai nzito ya mlima ambao mawe yalikuwa yametoka kuuchapa, na mtu fulani akamfunika mabegani na koti ambalo halikuwa la Njura wala la babu yeyote. Lilikuwa koti la mtu tu, nalo lilikuwa kavu. Hapo ndipo simu ilipolia.

"Baba."

"Nyamaza kwanza. Redio imesema mvua ya mawe imepiga Kianjokoma. Uko mzima?"

"Mzima, baba."

"Mlikutana?"

"Tulikutana."

Mzee Kaburu akashusha sauti. "Aliomba?"

"Aliomba."

"Ukampa?"

"Nilimpa, baba."

Riungu alimsikia baba yake akivuta kiti na kukaa. "Sawa," mzee alisema hatimaye, kwa sauti nzito. "Umefanya vile babu yako angefanya. Mungu atatupa njia nyingine. Kahawa iko. Jembe lako nililitia mpini juzi."

"Baba, tumeshinda. Moja kwa bila. Aliniomba nipige kwa nguvu."

Ukasikika mlio ambao Riungu hakuwa ameusikia tangu utoto wake, mzee wa kanisa akicheka mpaka anakohoa, huku akimwita mama yake Riungu aje asikie.

"Nilikuambia usali," alisema alipopata pumzi.

"Ulisema, baba. Ningetaka kukuuliza jambo. Ule wimbo wa mavuno, ubeti wa nne unaanzaje? Tulikwama wote."

"Mlikwama!" Mzee Kaburu alifoka, na ukali wake wote ukamrudia kwa furaha. "Watu wazima, mmebatizwa, mkakwama ubeti wa nne? Weka simu wote wasikie."

Riungu aliiweka simu juu ya mizani ya majani chai, katikati ya banda. Sauti ya mzee, kavu na yenye mikwaruzo, ikaanza ubeti wa nne kutoka Githongo. Na Njura, akiwa amezungushia vidole vyake vyenye ganzi kikombe cha moto, akawa wa kwanza kuufuata.